Ku Sendwe, kwa Sendwe: maisha ya Jason Sendwe na hesabu ya kura za Katanga

Kule kwetu Kambove mtu akizidiwa na ugonjwa, na dawa za hapo zikishindwa, familia hukaa pamoja kutafuta franga za kumpeleka Lubumbashi. Katika mazungumzo hayo hakuna anayetaja hospitali kuu ya jimbo. Husemwa tu kwamba mgonjwa atapelekwa ku Sendwe, na kila mtu anaelewa. Mimi nililisikia jina hilo kabla ya kujua kusoma, kwa sababu mdogo wangu wa mwisho alizaliwa huko baada ya mama kuteseka siku mbili, na hadi leo nyumbani kwetu siku ile hutajwa kwa shukrani. Lakini nilikuwa tayari na miaka kumi na minne nilipogundua kwamba Sendwe alikuwa mtu.

Wanafunzi wenzangu wa isimu wataniruhusu nianzie hapo. Katika Kiswahili chetu cha Katanga hatutumii sana kiambishi -ni cha mahali. Pale ambapo vitabu vinasema sokoni au shambani, sisi tunasema ku soko, ku shamba. Na nyumbani kwa maana ya ndani ni mu nyumba. Tunapokwenda kumtembelea mtu tunasema kwa: kwa kambo, kwa mjomba, kwa pasta. Kwa hiyo jina la mtu likitoka kwenye kwa na kuingia kwenye ku, mtu amegeuka mahali. Mwalimu wetu alipotupa kazi ya kukusanya majina yaliyopatwa na mageuzi hayo hapa Lubumbashi, nilichagua Sendwe nikidhani ni kazi ya juma moja. Imenichukua karibu mwaka mzima, maana kila nilipouliza wazee juu ya jina, walinijibu juu ya uchaguzi.

Kuna sababu nyingine, nayo ni afadhali niiseme mapema. Baba yangu ni Muluba wa Katanga, na ukoo wake umetoka upande wa Kabongo. Mama ni Muluba wa Kasai. Baba yake aliletwa Kambove kufanya kazi ya mgodi wakati wa Wabelgiji, naye mama alizaliwa papo hapo Kambove na hajawahi kukaa Kasai hata mwezi mmoja. Mwaka 1992, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika miji ya Katanga, ndugu zake walilala majuma mengi kwenye stesheni ya Likasi pamoja na maelfu ya wengine, wakingojea treni. Mama alibaki kwa sababu alikuwa ameolewa na baba. Mdogo wake mmoja alipanda treni ile akiwa mgonjwa, na hakufika. Basi nilipokuta katika maisha ya Sendwe kwamba yeye, Muluba wa Kabongo kama baba, alikataa kuwahesabu watu wa mama kuwa wageni, sikuweza tena kumchukulia kama mfano wa sarufi.

Jason Sendwe alizaliwa mwaka 1917 katika kijiji cha Mwanya, eneo la Kabongo, ambalo leo liko katika jimbo la Haut-Lomami. Alisoma katika shule za misheni ya Wamethodisti. Wakati ule misheni ndiyo ilikuwa mlango karibu pekee wa elimu kwa mtoto Mwafrika wa Katanga, na mlango huo ulikuwa na mwisho wake: ulikufikisha kwenye ualimu, uhubiri, ukarani au uuguzi, kisha unafungwa. Chuo kikuu cha kwanza katika Kongo, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954, Sendwe akiwa na miaka thelathini na saba. Uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi nzima haikuwa na Mkongo hata mmoja aliyekuwa daktari kamili wa tiba. Sendwe alifundisha, akahubiri, kisha akawa muuguzi. Tiba ndiyo aliyoipenda, na uuguzi ndio mwisho aliouruhusiwa. Ninapopita mbele ya ile hospitali kubwa yenye jina lake, hilo ndilo jambo ninalolikumbuka kwanza.

Kazi hiyo ilimjulisha kwa watu. Muuguzi wa wakati wa koloni alikuwa mtu aliyesimama katikati: alielewa Kifaransa cha daktari Mbelgiji, na alielewa Kiluba na Kiswahili cha mgonjwa; alipeleka maneno huku na kule. Kwa maneno ya fani yetu, alikuwa mkalimani kabla ya kuwa mwanasiasa. Watu waliomjua kitandani mwao na kanisani mwao walimjua pia alipoanza kusimama mbele ya mikutano.

Ili kuelewa siasa aliyoingia, inafaa kukumbuka Katanga ilivyojengwa. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyokuja kurithiwa na Gécamines, ilihitaji wafanyakazi wengi kuliko waliopatikana karibu na migodi. Iliwatoa Kasai, Maniema, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi. Hivyo Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na Jadotville, ndiyo Likasi, na kambi ndogo kama yetu ya Kambove, zilijaa watu wa lugha nyingi. Kiswahili chetu kilizaliwa humo, katika foleni ya posho na katika shimo la mgodi. Watu hao walizaa, wakazika wafu wao, wakajenga. Hakuna aliyewauliza kama ni wenyeji au wageni mpaka siku kura zilipofika.

Kura hizo zilifika Desemba 1957. Serikali ya koloni iliruhusu uchaguzi wa madiwani wa komini katika miji mitatu: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Walipiga kura wanaume tu. Katika Élisabethville, wengi wa walioshinda walikuwa watu ambao asili yao haikuwa kusini mwa Katanga. Kwa hesabu hilo halikuwa ajabu, kwa kuwa ndio waliojaa mjini. Lakini viongozi wa makabila ya kusini walishtuka. Waliona kwamba uhuru ukija kwa kura, mji uliojengwa juu ya ardhi ya babu zao utaongozwa na wengine. Ni hofu ya kweli, na sitaki kuicheka. Mtu anayeogopa kumezwa nyumbani kwake hasikii hesabu.

Oktoba 1958 vyama vya makabila viliungana na kuunda Conakat. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, wa ukoo wa Msiri wa Bayeke, na baadaye Moïse Tshombe, mtoto wa mfanyabiashara tajiri, aliyezaliwa Musumba mwaka 1919 na kuoa katika nyumba ya Mwaant Yav wa Walunda. Tshombe naye alikuwa zao la shule za Wamethodisti. Watu wawili waliotoka katika madawati ya misheni moja, na kuimba nyimbo zilezile za ibada, ndio waliokuja kuigawanya Katanga.

Balubakat, umoja wa Baluba wa Katanga ambao Sendwe alikuwa raisi wake, ulijiunga na Conakat mwaka 1959. Jambo hili husahauliwa na wengi wanaosimulia habari kana kwamba watu hao walikuwa maadui tangu tumboni. Kwa miezi kadhaa walikaa chini ya mwavuli mmoja. Walitengana Novemba mwaka huohuo kwa mambo mawili. La kwanza, Conakat ilikuwa ikikaribiana na walowezi Wazungu waliotaka Katanga ijitawale na kubaki na utajiri wake wa shaba. La pili, maneno yake juu ya watu wa Kasai yalikuwa yakizidi kuwa makali. Sendwe alitaka Kongo moja. Alikwenda kuungana na ATCAR, chama cha Wachokwe, na FEDEKA, chama cha watu wenye asili ya Kasai kilichoongozwa na Isaac Kalonji. Muungano wao uliitwa Cartel.

Hapo ndipo ninapomwona Sendwe mwenyewe. Angeweza kubaki. Alikuwa Mkatanga kwa kila kipimo cha Conakat. Kabongo ni Katanga. Neno mwenyeji lilimtosha, na lingempa nafasi nzuri mezani. Alichagua kukaa na wale ambao neno hilo liliwaacha nje. Sisemi kwamba alifanya hivyo kwa upendo mtupu. Kura za watu wa Kasai mijini zilikuwa nyingi, na mwanasiasa hujua kuhesabu. Lakini alijua pia gharama yake.

Januari 1960 Sendwe na Tshombe walikaa wote katika Meza ya Mviringo ya Brussels, ambapo wajumbe wa Kongo na serikali ya Ubelgiji walikubaliana kwamba uhuru uwe tarehe 30 Juni. Tshombe alitetea shirikisho ambamo kila jimbo lingekuwa na nguvu kubwa juu ya mali yake. Sendwe alikuwa upande wa wale waliotaka serikali kuu yenye nguvu. Bunge la Ubelgiji likapitisha Loi fondamentale tarehe 19 Mei, sheria ya msingi ya nchi ambayo ilikuwa bado haijazaliwa. Iliweka Baraza la Wabunge lenye viti 137, Seneti, raisi wa nchi, waziri mkuu, na katika kila jimbo bunge dogo litakaloichagua serikali ya jimbo.

Watu wa Kongo walipiga kura mwezi huohuo wa Mei. Kambo wangu, yaani nyanya mzaa baba, alikuwa msichana aliyeolewa karibuni. Anakumbuka wanaume wa kambi ya Kambove wakiondoka na alfajiri wakiwa wamevaa kama siku ya misa, na kurudi jioni viatu vikiwa vyekundu kwa vumbi. Yeye hakwenda, maana wanawake hawakuruhusiwa. Anasema kwamba kwa siku kadhaa nyumba za kambi ziliishi kwa minong'ono, kwa kuwa majirani waliokuwa wakigawana chumvi walianza kujiuliza nani alimchagua nani.

Katika Baraza la taifa Conakat ilipata viti 8 na Cartel viti 7. Sendwe mwenyewe alichaguliwa mbunge. Lakini vita ya kweli ilikuwa katika bunge la jimbo pale Élisabethville, lenye viti 60. Conakat ilipata 25, Cartel ikapata 23, na 12 vilivyobaki vikawa vya wajitegemea na vyama vidogo. Tofauti ya viti viwili tu. Wengi wa wale 12 walivutwa na Conakat, na ghafla chama cha Tshombe kikawa na wingi.

Naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu historia ya Katanga imesimama juu yake. Sheria ilisema kwamba bunge la jimbo haliwezi kuichagua serikali pasipo theluthi mbili ya wajumbe kuwapo. Theluthi mbili ya 60 ni 40. Ukitoa wajumbe 23 wa Cartel, wanabaki 37. Wanapungua watatu. Sendwe na wenzake walitoka nje ya bunge na kukataa kurudi, na kwa kutoka kwao tu, jimbo tajiri kuliko yote katika Kongo likabaki bila serikali, zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya uhuru.

Wengine wanaliita tendo hili ukaidi. Mimi nimelifikiria sana, na ninaona kwamba sheria ile ilikuwa na maana yake. Akidi ya theluthi mbili ilisema kwamba katika jimbo lililogawanyika karibu nusu kwa nusu, upande mmoja usitawale peke yake. Lazima wakae, wapatane, wagawane. Sendwe aliishika sheria hiyo kama mtu anayeshika nguzo ya nyumba. Kosa lake, kama ni kosa, ni kuamini kwamba nguzo ile haing'oki.

Iling'olewa katikati ya Juni. Bunge la Ubelgiji, lililokuwa limeitunga sheria mwezi mmoja tu kabla, liliibadilisha kwa haraka, ili wingi wa kawaida utoshe pale ambapo akidi kubwa imekosekana. Tarehe 16 Juni wajumbe wa Conakat na marafiki zao walikutana bila Cartel, na serikali ya jimbo ikaundwa, Tshombe akiwa raisi wake. Sheria hii iliandikwa kwa lugha mbili za Ubelgiji, nayo ikabadilishwa kwa lugha hizohizo, mbali sana na watu waliokuwa wamepiga kura. Nilimuuliza kambo wangu habari hiyo ilifikaje Kambove. Alijibu kwamba ilifika ikiwa fupi sana: wamegeuza sheria. Nani, sheria gani, kwa nini, hakuna aliyeeleza. Wanaume wa upande mmoja walishangilia na wa upande mwingine wakafunga milango.

Siku zilizofuata zilikimbia. Kule Léopoldville, Patrice Lumumba alipata imani ya Bunge, na Joseph Kasa-Vubu akachaguliwa na mabaraza mawili kuwa raisi wa nchi. Katika kila jimbo serikali kuu ilikuwa na haki ya kuweka kamishna wake mkuu, mtu wa kuangalia kwamba sheria za nchi zinafuatwa. Kwa Katanga alitajwa Sendwe. Upande wa Lumumba uliona hiyo ni haki: kama Conakat imechukua serikali nzima ya jimbo, basi Cartel ipate angalau kiti hicho. Upande wa Tshombe uliona ni tusi, kwamba mtu aliyeshindwa mlangoni amerudishwa kupitia dirishani. Sendwe hakukikalia kiti hicho. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru, Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Kesho yake Kasa-Vubu na Lumumba walijaribu kutua kwa ndege Élisabethville, wakakataliwa.

Kilichofuata kaskazini ni sura ambayo wazee wa upande wa baba huisema kwa sauti ya chini. Baluba wa Katanga waliikataa serikali ya Tshombe kwa silaha walizokuwa nazo. Vijana wa Balubakat walifunga njia, wakaua. Askari wa Katanga, wakiongozwa na maofisa Wazungu, walichoma vijiji. Oktoba, Umoja wa Mataifa ulimleta Sendwe kaskazini ili azungumze na watu wake na kuwatuliza. Nimejaribu kuiona picha hiyo: muuguzi wa zamani, mwenye haki kwa sheria ya kuwa mwakilishi wa serikali kuu katika jimbo zima, anatembezwa chini ya ulinzi wa askari wa kigeni kuomba vijana washushe mishale. Aliwatuliza kwa muda. Tarehe 8 Novemba, huko Niemba, wapiganaji Baluba waliwashambulia askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, na tisa kati yao wakafa. Jina la chama chake lilikuwa mdomoni mwa wauaji. Anayemsifu Sendwe lazima alibebe na hilo. Alijenga chama juu ya jina la kabila, hata kama alikielekeza kwenye nchi moja, na wakati wa hasira watu walilisikia kabila kuliko nchi.

Januari 1961 Lumumba aliletwa Élisabethville akiwa mfungwa, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, nao waliuawa usiku wa tarehe 17 porini si mbali na mji. Baadaye mwaka huo makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, na Baluba wa Katanga pamoja nao, walikimbilia kambi ya wakimbizi pembeni mwa mji chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Walikuwa majirani wa jana. Wazee waliosimulia habari za 1992 mbele yangu hawakuhitaji kutafuta maneno mapya. Walitumia yale ya 1961.

Agosti 1961, baada ya wabunge kufungiwa ndani ya Lovanium mpaka wapatane, Cyrille Adoula akaunda serikali mpya ya nchi. Sendwe akawa naibu wa pili wa waziri mkuu. Ni cheo cha juu kabisa alichokifikia. Hata hivyo jimbo lake mwenyewe lilikuwa bado mikononi mwa wengine, na mwanzoni mwa 1963, mwezi uleule ambao uasi wa Katanga ulikomeshwa na majeshi ya Umoja wa Mataifa, alikuwa ametoka serikalini. Katanga ikakatwa vipande. Kaskazini likawa jimbo lake lenyewe, na Septemba 1963 Sendwe akachaguliwa kuliongoza, makao yakiwa Albertville, ndiyo Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika.

Hatimaye alikuwa raisi wa jimbo. Lakini alirithi nchi iliyoungua. Shule zilikuwa zimefungwa, mishahara haikufika, na wale vijana waliofundishwa kupigana mwaka 1960 hawakurudi kwa urahisi kwenye majembe. Chama chake kiligawanyika. Kiti chake kilitikiswa, akaondolewa kwa muda, akarudi. Mtu aliyewahi kutoka nje ya bunge ili kulizuia akajikuta yeye ndiye anayezuiwa. Mwaka 1964 uasi wa mashariki ulifika hadi Albertville. Juni, mji ulipoanguka mikononi mwa waasi, Jason Sendwe aliuawa. Alikuwa na miaka arobaini na saba.

Majuma machache baadaye, tarehe 10 Julai 1964, Kasa-Vubu alimweka waziri mkuu mpya wa Kongo nzima. Alikuwa Moïse Tshombe, yule aliyetaka kuivunja. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza katika daftari langu la tarehe nilidhani nimekosea mwaka. Tshombe naye hakudumu. Mobutu alichukua nchi Novemba 1965, na Tshombe akafa kifungoni Algiers mwaka 1969. Leo ana sanamu katikati ya Lubumbashi. Sendwe ana hospitali.

Nimejiuliza ni kipi kilicho bora. Sanamu inakulazimisha kumtazama mtu. Hospitali inakuruhusu kumsahau. Kijana wa basi anayekusanya franga hulipaza jina la Sendwe mara mia kwa siku, na hakuna abiria anayemfikiria muuguzi wa Mwanya. Nimewauliza wanafunzi ishirini wa kitivo chetu kama wanajua Sendwe alikuwa nani. Wanne walijibu mwanasiasa, mmoja akasema daktari, waliobaki wakacheka na kuniambia ni hospitali. Hao sina haki ya kuwalaumu. Hata mimi nilikuwa mmoja wao.

Lakini lile alilolipigania halijalala pamoja naye. Desemba 2023 nilipiga kura kwa mara ya kwanza, kule Kambove, baada ya kusimama kwenye mstari tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka alasiri. Mbele yangu walikuwa wanaume wawili waliojadiliana juu ya wagombea. Hawakuuliza mgombea atafanya nini kwa barabara ya Likasi wala kwa maji yetu yanayotoka mgodini. Waliuliza kama ni mwana wa hapa. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Alizaliwa mita mia tano kutoka pale tulipokuwa, na babu yangu amezikwa kwenye makaburi ya kambi. Aliinamisha kichwa na kurekebisha kitenge chake, kama mtu asiyesikia. Alipoingia alikaa muda mrefu mbele ya mashine. Alipotoka aliniuliza tu kama nina njaa.

Tangu siku hiyo ninaielewa kwa namna nyingine ile hesabu ya 40 na 37. Katika uchaguzi kuna maswali mawili yanayotangulia swali la nani ameshinda: nani anahesabiwa kuwa mtu wa hapa, na ni wangapi lazima wawepo ili uamuzi uwe wa wote. Yanajibiwa kimya kimya, mara nyingi kwa lugha ambayo mpiga kura haisomi, na majibu yake hukaa muda mrefu kuliko serikali yoyote. Sendwe aliyauliza yote mawili kwa sauti. La kwanza alilijibu alipoungana na watu wa Kasai. La pili lilimshinda, na tuliobaki nalo ni sisi.

Kazi ya mwalimu nimeipeleka. Niliandika kwamba Sendwe ni jina la mtu lililogeuka mahali, linatumika na ku, na kwamba matumizi ya kwa yamepotea kabisa. Sentensi hiyo ya mwisho sasa ninaitilia shaka. Juma lililopita nilipokwenda Kambove nilimsomea kambo kurasa hizi, nikizigeuza kidogo katika maneno yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, kisha akaniambia kwamba marehemu mume wake, mwaka ule wa kura, alikwenda mara moja Élisabethville kusikiliza mkutano. Alipoulizwa amekwenda wapi, alijibu amekwenda kwa Sendwe. Nimeandika mfano huo kwenye daftari langu, pamoja na mwaka wake.